Hapo Ukurasa Unapokwama

Ukifiwa Itigi utaishia tu kwa Agripina, kwenye stesheneri yake ng'ambo ya reli, akuchapie ratiba ya mazishi. Na utangoja. Watu wanasema mama yule ni mzito wa mikono. Waongo! Mikono yake ni myepesi, mzito ni ukurasa.

Kila marehemu alimwongeza chini ya mwenzake, katika faili lile lile moja, maana fremu nzuri yenye msalaba iko juu kabisa na ndiyo anayoinakili. Kwa hiyo kila akipandisha ukurasa, lazima apite kwa mumewe. Marehemu Emilian, muuza asali, yuko hapo katikati, na ratiba yake yenye picha Agripina aliichapa mwenyewe. Hapo ndipo kompyuta hukwama. Linatokea paji la uso, halafu macho, na macho yanabaki yakimkodolea mpaka mdomo upende kuja. Jasho linamtoka.

"Baba Lucy, niache nipite," ananong'ona. "Watu wana msiba."

Picha nyingine ya mumewe hana. Simu iliyokuwa nazo iliibiwa mnadani.

Hofu ilipomzidi akamwita Godfrey, fundi wa kompyuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niambie ukweli, humu kuna mtu?"

Godfrey akacheka, akamwona usoni, akaacha.

"Hamna mtu, mama. Kila ukisogeza, programu inachora upya kila kitu, fremu, maua, vivuli. Tena inakagua maneno, na majina yetu haiyajui, ndiyo maana yote yamepigwa mstari mwekundu. Halafu picha ya mzee uliiweka kubwa mno."

"Ningemwekaje ndogo?"

Godfrey akazima ukaguzi, akaficha picha zote. "Haya, jaribu."

Ukurasa ukateleza. Agripina akafika kwenye msalaba kabla hajameza mate.

"Na Emilian nimempita wapi?"

Godfrey akamrudisha chini, akamwonyesha kisanduku kitupu.

Jamani! Mwanamke aliyeyaogopa macho yale mwaka mzima alilia kuliko siku ya kuzika.

"Mrudishe."

"Itakwama tena, mama."

"Ikwame."

Paji likatokea. Yakaja macho. Mlangoni mfiwa mmoja akakohoa, akauliza kama bado.

"Bado," Agripina akajibu bila kugeuka, akiungoja mdomo.