Falakika wa Ha'apai, Aliyekatiza Duara la Kava

Alizaliwa mwaka 1936 katika kijiji cha Fangale'a, visiwa vya Ha'apai, binti wa Siosiua mkulima wa viazi vikuu na Lavinia msuka mikeka, akabatizwa Falakika. Jumapili moja, baada ya misa na karamu ya nguruwe, mama yake alishika kifua akasema kinambana. Wakasema ni shibe. Mashangazi wakamlaza, wakamkanda kwa mafuta ya nazi kama tunavyomkanda kila anayeumwa, huku wakiimba, na chini ya mikono hiyo yenye upendo Lavinia akakata roho. Binti hakumlaumu mtu. Alimwahidi Mungu kwamba atajifunza kilichomuua mama yake, na akaingia utawa, akasomea uuguzi mji mkuu, kisha akarudi kuhudumu katika zahanati ya kijijini kwao.

Tusifiche kitu: alianza vibaya. Kila kifua kwake kilikuwa moyo. Alimpakia Mele'ana, mke wa katekista, kwenye boti bahari ikiwa imechafuka, wakatapika njia nzima hadi hospitali ya kisiwa kikubwa, na kumbe mama wa watu ana kiungulia. Kijiji kilicheka mpaka kikachoka. Wanaume wakimwona anapita walikuwa wakijishika vifua na kulegeza magoti: "Sista, lete boti!" Mama mkuu wa shirika akamwonya kwamba aibu nyingine kama hiyo, atahamishwa.

Alilia, kisha akajifunza kuuliza. Je, hilo la kifuani linachoma likipanda kooni, hasa ukiinama au ukilala umeshiba? Hilo mara nyingi ni tumbo. Linakuchoma kama kisu ukivuta pumzi, na una homa na kikohozi? Hayo huenda ni mapafu. Nikibonyeza hapa panauma, na jana ulikuwa unalima? Basi pengine ni msuli, pumzika. Lakini linalobana kama mtu amekukalia kifuani, likienda mkononi au tayani, na jasho la baridi, hilo halikandwi wala halingojwi. Na asipokuwa na hakika, alisema, afadhali achekwe.

Mwaka 1991 ndipo alipojaribiwa. Siku ya kutawazwa kwa chifu Havili, watu waliketi katika duara la kava, kinywaji chetu cha heshima kitokanacho na mizizi, na kwetu hakuna anayekatiza mbele ya bakuli kabla chifu hajanywa. Sista aliketi nje ya duara na wanawake. Akamwona Havili anajifuta jasho kwenye upepo ule wa baridi. Kisha chifu akakunja ngumi, akaiweka katikati ya kifua, akaiacha pale. Falakika alimkumbuka mama yake. Akakumbuka pia ile boti. Aliogopa, akasali kidogo, akainuka, akapita katikati ya duara. Wazee wakaguna. Msemaji wa chifu akamkemea: "Sista, umerukwa na akili? Keti chini!"

Hakugeuka. Alipiga magoti mbele ya Havili. "Baba, linachoma au linabana?"

"Ni nguruwe tu huyo niliyemla, Sista. Acha tumalize."

"Sikuulizia nguruwe, baba. Linachoma au linabana?"

Chifu akawatazama watu wake, akaona haya. "Linabana," akasema. "Hadi mkononi."

Sista akamtafunisha aspirini, akakataza asikandwe wala asitembee, kisha akamgeukia yule msemaji. "Lete boti," akasema, na safari hii hakucheka mtu. Hospitalini daktari aliwaambia kwamba ulikuwa moyo, na kwamba wangemaliza kava wangemzika. Havili alitawala miaka mingi baadaye.

Wengi husimulia kuwa mkono wa Sista ulipogusa kifua, maumivu yalipoa. Mwenyewe alikuwa akiwagombeza: "Mkono wangu haujaponya mtu. Nimekuuliza tu, nawe ukasema kweli." Alifariki mwaka 2014, usingizini, akiwa amezungukwa na masista wenzake. Kanisa halijatamka neno juu ya utakatifu wake. Fangale'a ilishatamka zamani. Nasi tumwige katika jambo hilo moja, kumuuliza mgonjwa na kumsikiliza, hata tukichekwa.

Siku ya maziko ya Falakika, Havili, tayari mkongwe, alizuia kikombe cha kwanza cha kava kisipite, akalitazama duara lote, akauliza kwa sauti: "Kuna anayebanwa kifua?" Tangu hapo, kwetu, kava hainywewi kabla swali hilo halijajibiwa.