Kijani Kilichofunika Ndiva ya Shangazi

Aliyeigeuza ndiva ya kitongoji chetu kuwa ya kijani ni mimi. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kumshuku mtu mwingine, kwa kuwa wakati ule walishukiwa wengi: ng'ombe, mvua, wachawi wa kitongoji cha pili, na mnara wa simu.

Nilikuwa nimetoka Tanga. Riwaya niliyokuwa naiandika ilimhitaji mwanamke anayeichunguza bahari, nami sikumjua hata mmoja, hivyo niliomba kufuatana na watafiti kwenye boti yao. Kwa wiki tatu nilikuwa natapika upande mmoja wa boti na kuandika upande wa pili. Asubuhi moja maji yalitulia kabisa, na juu ya ule ubuluu nikaona michirizi mirefu ya rangi ya maranda, kana kwamba seremala amepita angani akipiga randa. Nikasema, watu wachafu hawa, hata bahari hawaionei haya. Mtafiti mmoja akacheka, akachota kwenye chupa na kuiinua juani. Mlikuwa na nyuzi ndogondogo, nyingi zisizohesabika. Bakteria.

Akanieleza kwamba sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni naitrojeni. Mimea inaihitaji sana, ila haiwezi kuila ikiwa hewa tupu. Bakteria hawa ndio wanaoikamata na kuigeuza mbolea. Nikaitazama bahari ile yote, isiyo na mtu wa kuibebea samadi kichwani, inalishwa na vumbi linalokula hewa. Nilitaka kumwambia kila mtu. Halafu akaongeza neno lililoniponza: wana ndugu zao wa maji baridi, na hao wanaishi ndani ya majani ya mmea mdogo unaoelea kwenye mashamba ya mpunga.

Kwa hiyo niliposhuka basi Ndungu sikutafuta bodaboda ya kunipandisha kwetu Mamba, mlimani. Nilikwenda kwanza kwenye majaruba. Mmea ulikuwapo, umetanda kati ya mashina ya mpunga, vijani vidogo kama magamba ya samaki.

"Shikamoo mama," nilimsalimu mwanamke aliyekuwa anapalilia. "Naomba haya majani."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Siumwi. Nataka mbegu."

"Mbegu ya gugu!" Akawaita wenzake. "Njooni mwone, msomi huyu hapa."

Alinijazia chupa hata hivyo, na akaniambia kwamba wao huyakanyagia matopeni kabla ya kupandikiza, mpunga unayapenda.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, analima tangawizi huko juu, na wakati huo alikuwa mgawa maji wa ndiva. Ndiva ni bwawa letu dogo la mlimani, lililochimbwa kwa mikono na mababu: maji ya kijito hujikusanya humo, kisha hufunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Mgawa maji ndiye anayesema leo ni zamu ya nani. Kabla yake cheo hicho hakikuwahi kushikwa na mwanamke. Shangazi amezika mume, amelea watoto ambao wote wamehamia mbali, na sijaona kitu kilichomnyoosha mgongo kama fimbo ya cheo hicho, ile ya kupimia kina cha maji.

Jioni ya kufika kwangu nilimsimulia habari za bakteria. "Wanakaa ndani ya jani," nilimwambia, "jani linawapa hifadhi, wao wanalipa mbolea."

"Hao ni wageni waliopewa jembe siku ya tatu," alisema, "na wakalipenda. Mimi nimekupa jembe mara ngapi?"

Kesho yake asubuhi niliimimina chupa ndivani. Sikumwambia mtu. Yalikuwa masika, na wakati wa masika ndiva haifunguliwi, maana mvua inatosha. Nilitaka tu kipande cha bahari kiwe mlimani, nikitazame kutoka dirishani ninapoandika. Utundu wangu huwa unavaa nguo za sanaa.

Wiki zikapita. Mvua ilipokata, ndiva ilikuwa kijani kutoka ukingo hadi ukingo, laini kama zulia. Kuku wa jirani aliamini kabisa ni nchi kavu. Tulimwokoa.

Nchi kavu au siyo, jambo lilikuwa zito. Jumapili iliyofuata ulikuwa msaragambo, siku ya kitongoji kizima kusafisha ndiva, na baada yake huchaguliwa mgawa maji wa msimu. Mwalimu mstaafu aliyenifundisha jiografia, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alikitamani cheo hicho tangu zamani. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Maji yameoza," alikuwa anasema. "Mimi sisemi ni kwa sababu ya mwanamke. Nasema tu kwamba hayakuwahi kuoza."

Alhamisi nilimkuta shangazi jikoni, fimbo ya kupimia imeegemezwa ukutani, tayari kurudishwa. Nikamwambia kila kitu. Alikoroga uji kwa muda mrefu kuliko uji ule ulivyohitaji.

"Yanaua tangawizi?"

"Hapana. Ni mbolea."

"Una uhakika?"

"Kwa mpunga nina uhakika. Kwa tangawizi nimesoma tu."

"Umesoma tu." Akaupakua uji. Bakuli langu akalijaza nusu. "Nikiwaambia leo kwamba mwana wa kaka yangu ndiye aliyeyaleta, nimekwisha. Nikiwaambia ni mbolea, watasema najitetea. Basi sitawasifia. Nitawanyima."

Ijumaa asubuhi akamtuma mpiga mbiu: majani yale ni mali ya ndiva, mtu asiyaguse. Yatagawanywa Jumapili kwa zamu, beseni moja kila nyumba, na atakayechukua kabla ya zamu atajibu mbele ya kitongoji. Hakueleza ni ya nini. Sisi Wapare tunajulikana kwa kupenda kesi, lakini kuna tunachokipenda zaidi, nacho ni kutopitwa. Kufikia mchana watu waliokuwa wanaziba pua walikuwa wanaulizana kama beseni la kuogea mtoto linahesabika kuwa beseni.

Kwetu wengi ni Wasabato. Kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi linapozama tena, jembe halishikwi, ndoo haishikwi. Ndiva ililala salama, au ndivyo tulivyodhani. Jumapili tulipofika na majembe, zulia lilikuwa limeng'atwa pembeni, kipande cha mabeseni matatu au manne, na kutoka pale matone ya kijani yalifuata njia, yakakata kona, yakaingia kwenye tangawizi ya mwalimu.

"Jua lilikuwa limeshazama," alisema mwalimu kabla hajaulizwa.

"Limezama huku au Ndungu?" aliuliza mama mmoja.

"Mimi jana nilikuona kwenye njia hii, mwalimu, na jua lilikuwa linanichoma macho!" alidakia mama mwingine.

"Yale yalikuwa mawingu mekundu. Nimefundisha jiografia miaka mingi, nayajua mawingu."

Wazee wawili wa kanisa wakaanza kupima vivuli vya mlima kwa vidole. Nilicheka hadi nikakaa chini. Nikadhani yamekwisha. Ndipo shangazi akapiga fimbo yake kwenye jiwe.

"Kabla hamjachagua," alisema, "mjue aliyeyaleta haya majani. Ni huyu anayecheka. Aliyatoa Ndungu akayatia humu bila ruhusa, na mimi nimejua tangu Alhamisi."

Kicheko kilinikauka. Watu wakanigeukia mimi, kisha yeye. Sikuwahi kuuona uso wake ukiwa mdogo kiasi kile.

"Ni sumu?" mtu aliuliza.

Na aliyejibu, akiwa na tangawizi yake yote imefunikwa kijani, alikuwa mwalimu.

"Sumu gani!" alifoka. "Hili nimelifundisha darasani! Ndani ya jani hili mna bakteria. Wanakamata naitrojeni ya hewani! Hata bahari inalishwa hivyo. Mnadhani nani anaweka samadi baharini?" Akaeleza vizuri kuliko mimi, kwa mikono, akichora mduara mavumbini, hadi yule mama aliyechomwa macho na jua akatikisa kichwa kukubali.

Mikono ikanyooshwa. Shangazi alibaki na fimbo yake. Mkono wa mwalimu ulichelewa kidogo, lakini ulinyooka.

Kisha mgao ukaanza. Mwalimu alikuwa wa kwanza kwenye mstari, beseni kifuani.

"Mwalimu," alisema shangazi, "zamu yako ulishaichukua. Wa pili asogee."