Pakiti ya Mmoja, Sinia la Wote

Mpaka naandika hivi moyo haujatulia. Juzi kliniki, hapa Mtanda, nesi alimzungushia mwanangu ule utepe wa mkononi, ukasoma nyekundu, yaani amekonda mno, vilevile kama mara iliyopita. Pembeni alikaa mgeni wa shirika la nje, hao wanaoleta pakiti za karanga ya kusaga za watoto waliokonda. Akauliza kitu kwa lugha yao, nesi akanigeukia.

"Mama, pakiti anakula?"

"Anakula."

"Peke yake?"

Nikamweleza ukweli. Kwetu watoto wanakula sinia moja, yeye na watoto wa shemeji yangu, na pakiti naiminyia katikati, kila mmoja anachovya. Nimlishe mmoja wenzake wanamtazama?

"Wewe mama wewe!" Nesi akapiga meza. "Hii ni dawa. Dawa ya malaria nayo mnachovya?"

Kina mama kwenye benchi wakacheka, mimi nikalia. Mgeni akamgusa mwanangu kifuani, kisha akatikisa kidole: mwingine hapana.

Basi sasa namlishia chumbani, komeo nimefunga. Nchi na nchi zimeelewana, meli imevuka, gari limefika mpaka kliniki, kilichobaki ni huu mlango wangu. Nje watoto wa shemeji wanagonga: "Mama mdogo, mnakula nini?" Namminyia tena mdomoni. Na mwanangu, maana ndivyo tulivyomlea, anaitoa karanga mdomoni, ananyoosha kiganja kuelekea mlangoni.