Majibu Mawili Yaliyofika Kama Moja

Jamani, aibu hii siisimulii ili mcheke, ingawa najua mtacheka kidogo, maana hata mimi nilicheka kabla sijajua nimefanya nini.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na mimi ndiye kijana wa kompyuta pale mtaa wa Baba Dogo (cheti cha miezi michache, mdomo wa profesa), basi zahanati ya kanisa ikaniomba niandike programu mbili za kukaa ndani ya kompyuta moja: kwa ya kwanza mtu wa maabara anaandika jina na majibu, ya pili inayaonyesha mapokezi, na kati yao nikaweka soketi, yaani njia ya ndani ambamo maneno hupita kama maji ya bomba, yanafuatana vizuri ila bomba halijui jibu la mtu mmoja limeishia wapi. Alama ya mwisho unaiweka wewe. Mimi sikuiweka. Nilijaribu kwa kuandika jina moja moja, polepole, yakafika moja moja, nikaona ya nini kujisumbua.

Siku ya kwanza ya kazi mabenchi yalijaa, nami nikajipa kazi ya kusoma majibu kwa sauti (nani aliniomba?). Mtu wa maabara akatuma mawili harakaharaka: Mzee Wafula, safi, Mama Brenda, TB. Yakafika yameshikana, na programu yangu ikachukua jina la kwanza na jibu la mwisho.

"Wafula, TB," nikasoma.

Huyo mzee alikuwa babake Rose, msichana niliyekuwa nimeshatuma wazee kwao kumposa, na alikuja na kikohozi cha vumbi la kiwanda tu. Akina mama wa kanisa lake wakasogea mpaka benchi likabaki lake peke yake, maana miaka ile ukitajiwa TB watu walinong'ona kwamba unao na ule ugonjwa mwingine, ukimwi. Alichukua kofia yake akasema, "Kijana, si ungeniita kando." Posa yangu ilifia hapo.

Mama Brenda, muuza dagaa wa omena na jirani yangu wa ploti, akaniuliza mbona yeye hajaitwa.

"Kama jina halijatokea huna kitu, mama. Enda tu nyumbani."

Wiki kadhaa baadaye Mzee Wafula alipimwa kwingine akaonekana mzima, na sista wa zahanati akanigeukia: "Sasa hii TB ilikuwa ya nani?"

Nilimkuta Mama Brenda mlangoni kwake, amekonda, anamtafunia mwanawe Brenda chakula kabla ya kumlisha. Nikamweleza kwamba TB ile ilikuwa yake, na habari za soketi na alama, naongea tu, naogopa kunyamaza.

"Na Brenda?" akauliza.

Brenda alikuwa ameshaanza kukohoa. Walianzishiwa dawa wote wawili, na kwa kuwa kati yetu ni ukuta wa mabati, nilimsikia yule mtoto akikohoa kila asubuhi kwa miezi. Programu niliirekebisha kwa alama moja, kazi ya dakika chache. Tangu hapo sijamwambia mtu yeyote kwamba yuko salama eti kwa sababu kompyuta imenyamaza, na sitamwambia.