Nilipeleka jua la akiba Murungu, mbegu ya mke wangu ikaondoka nalo

Wakuu, habari za majukumu.

Leo nimeamua kujianika mwenyewe. Haya yamenikuta mimi, sijasimuliwa. Mke wangu ameshasoma huu uzi kabla yenu, akasema nimejipendelea sehemu mbili. Nimerekebisha moja.

Nina duka la vifaa vya umeme Kasulu mjini. Soketi, nyaya, balbu, na zile extension ambazo tunajuana. Mzee wangu alikuja huku kutoka Tanga na biashara ya vitambaa, akazeekea hapa hapa. Mke wangu Zawadi ni Muha wa Murungu, kule Kibondo.

Basi, nikaalikwa semina.

Mada ilikuwa "Fursa za Soko katika Uhifadhi wa Nishati ya Jua". Ukumbi mzuri, chupa za maji mezani. Umeme ulikatika mara mbili wakati mtaalamu anaeleza uhifadhi, na hakuna aliyecheka. Tulikuwa tunasubiri posho.

Mtaalamu, kijana mtanashati kutoka Dar, alisema watu wa Kigoma tumekalia utajiri. Jua tunalo, shida yetu hatuna utamaduni wa kutunza. Tukaandika kwenye notebook: hatuna utamaduni wa kutunza.

Nikaondoka na fulana imeandikwa JUA HALIOZI.

Hiyo fulana ndiyo iliyoniponza.

Business plan niliimaliza usiku ule ule. Nanunua betri ndogo za kubeba mkononi, kila moja na taa zake mbili na sehemu ya kuchaji simu. Naweka kibanda chenye sola pale gulioni Murungu. Mteja anachukua betri iliyojaa bila kutoa hela. Ikiisha anairudisha, analipa, anapewa nyingine. Nikaiita Tumia Kwanza.

Tatizo likawa mtaji.

Sasa hapa ndipo Zawadi anaposema nimejipendelea.

Kwenye chumba cha nyuma ya duka kulikuwa na magunia ya maharage. Hayakuwa ya kula, yalikuwa mbegu. Kikundi cha akina mama wa kwao Murungu walinunua mbegu bora kwa kuchangishana, wakamkabidhi Zawadi atunze kwa sababu chumba chetu ni kikavu na kina sakafu ya saruji. Mvua za kwanza zikinyesha, anawapelekea wanapanda.

Na kwa wasiojua, kwa kina mke wangu mbegu ikishafungwa haiguswi mpaka mvua ishike. Mwanamke akifungua kabla, anasemwa kijiji kizima, hata kama watoto wamelala na uji tu.

Mimi nikataka kuiuza. Nikamwambia Zawadi tutanunua nyingine kabla ya mvua, faida juu. Akakataa. Nikamsumbua wiki nzima na ile notebook. Mwisho akanyamaza, nami nikaamua kunyamaza ni kukubali.

Nikauza.

Murungu nilipokelewa vizuri sana. Mteja wa kwanza alikuwa mama mkwe mwenyewe, na wenzake wa kikundi wakaja nyuma yake. Nikasimama na fulana yangu, nikatafuta mfano watakaouelewa haraka. Nikawaambia: hii betri ni kama mbegu. Jua limefungiwa humu ndani, linakaa, linakusubiri siku ya shida.

Wakatikisa vichwa kukubali, kwa pamoja. Nilijiona nina kipaji.

Betri zote ziliondoka siku ile ile.

Gulio lililofuata nikafunga safari, nikakaa kibandani. Hakuna aliyerudisha betri. Gulio la pili, kimya. La tatu, mimi na sola yangu tunaangaliana. Kila nikimuuliza mteja ananijibu kwa heshima, "Ipo salama."

Nikajua wameridhika.

Tukaitwa semina ya mrejesho. Nikafanya presentation, nikasema miezi inakwenda na wateja wangu karibu wote bado wanazo betri zangu. Mtaalamu akasimama. Akasema hiyo inaitwa customer retention, yaani wateja kutokukimbia, na ni ya ajabu. Nikapigiwa makofi, nikapewa cheti. Nilikitundika dukani, juu ya magunia ambayo hayapo.

Nilisema karibu wote kwa sababu kuna mwalimu mmoja kutoka Mbeya alitumia ya kwake kuchajia simu ya kuangalia mpira mpaka ikaisha. Naye alihamishwa, akahama na betri.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Bei ya mbegu ikapanda kama inavyopanda kila mwaka wakati huo, jambo ambalo mkoa mzima unalijua, isipokuwa waliokuwa semina.

Asubuhi moja Zawadi akanimiminia chai, akauliza, "Mbegu ya kina mama iko wapi?"

Aliuliza polepole, kama anayejua. Nikamwambia hela yake bado iko kwenye betri, Murungu.

Tukaenda Murungu. Njiani, pale Makere, watu walishaanza kutifua mashamba. Zawadi aligeukia dirishani mpaka tunafika.

Mama mkwe alitukaribisha kwa "mwidiwe", yaani salamu ya mchana, akatuwekea mkeka. Nilipoinua macho nikaiona betri yangu. Ilikuwa juu ya pipa lake la mbegu, imefungwa kanga, imepakwa majivu pande zote isiingiwe na wadudu. Pembeni kuna kibatari, na ukuta juu yake mweusi kwa moshi.

"Mama," nikasema, "mbona hukuitumia?"

Akanishangaa. "Mkwe, si ulisema ni mbegu? Siku ya shida haijafika."

Nikapita nyumba zote za wateja. Moja iko uvunguni, imeviringishwa gunia. Nyingine iko darini na mahindi. Zote zimejaa vilevile. Hakuna aliyewasha hata dakika moja, na hakuna aliyekuwa na deni langu, maana mkataba niliuandika mimi: lipa ikiisha.

Niliporudi, Zawadi alikuwa ameshawaambia kina mama kwamba mbegu yao niliiuza. Sikuambiwa walisema nini. Nilichokiona ni mama mkwe akifungua pipa lake, akiwapimia wenzake mbegu ya shamba lake mwenyewe, kikapu kwa kikapu, mpaka akawa anakwangua chini.

Zawadi akanivuta pembeni.

"Mama yangu amekaa gizani miezi yote hii akikutunzia betri. Wewe umeshindwa kunitunzia maharage."

Wakuu, nimewahi kutukanwa na wateja, na askari, hata na mzee wangu. Sijawahi kuumia hivyo.

Kabla hatujaondoka nikafungua ile kanga, nikafuta majivu, nikawasha taa mchana kweupe. Nikamwambia mama mkwe hii ni ya kwako, hailipiwi tena, iwashe kila siku. Akashukuru sana, akatusindikiza mpaka njiani.

Nikageuka kuangalia. Alikuwa amesharudi ndani, na taa ameizima.

Nilichojifunza: soko la uhifadhi lipo, tena kubwa. Ila kabla hujapanda jukwaani kumwambia mtu hajui kutunza, uliza kwanza yeye anatunza nini, na kwa ajili ya nani. Siku hizi betri nakodisha kwa wiki, na mavuno ya kwanza ya shamba nililolima na Zawadi yanakwenda kujaza pipa la mama mkwe. Fulana tunadekia.

Uwanja ni wenu, nichaneni mnavyotaka, nimestahili. Ila kama kuna aliyewahi kumshawishi mama mkwe awashe taa, naomba aanze yeye.