Dawa Niliyompaka Popi

Mpaka leo nikipita karibu na boma la Mama Ndinda huwa nashusha kofia mpaka machoni, na msifikiri ni jua, ni aibu tu, kwa sababu nyinyi mnajua nusu ya nilichofanya, basi wacha niwamalizie hiyo nusu nyingine mwenyewe.

Mama Ndinda ni jirani yangu hapa Mbumbuni, mjane, alikuwa anaishi peke yake na mbwa wake Popi, ndiye mlinzi wake wa usiku. Alienda Emali kumwangalia binti yake aliyejifungua, akaniachia Popi. Siku ya tatu nikaona mbwa amekwaruzwa na waya wa ua, kidonda kidogo ubavuni, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Nikampigia simu Mama Ndinda.

"Baba Mwende, mwoshe na maji ya chumvi," akasema. "Kitakauka chenyewe."

Maji ya chumvi! Mimi mwenye ng'ombe watatu, mimi ninayeitwa daktari kijiji kizima (jina nilijipa mwenyewe, kusema ukweli), nikaona hiyo si dawa. Nikachukua dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe, ambayo kifuniko kimoja huchanganywa na ndoo nzima ya maji, nikampaka hivyo hivyo bila tone la maji, eti inzi wasimsumbue. Na mbwa ni mbwa, akaanza kujilamba.

Mchana huo feloship, yale maombi yetu ya nyumba kwa nyumba, ilikuwa kwangu. Akina mama wamejaa sebuleni, mke wangu Mueni anamimina chai, na mimi nimetoka tu kuwasimulia jinsi nilivyomtibu mbwa wa mjane, wameniitikia amina, mara Popi huyo akaingia. Anayumba, macho yamemtoka, mate yanamchuruzika kama povu la sabuni. Akaanguka miguuni pa dada mmoja mjamzito, mate yakamlowesha mpaka kwenye vidole.

"Kichaa!" mtu akapiga kelele. "Mbwa ana kichaa!"

Vikombe chini, watu juu ya viti, wanaume wakatoka sokoni hapo jirani mbio na rungu. Na mimi nilijua. Hapo hapo nilijua ni dawa yangu. Nikafungua mdomo, lakini wale walioniitikia amina walikuwa wananiangalia, nikaufunga tena. Walipomburuta nje nilisema neno moja tu, "polepole" (wampige polepole, jamani?), na Popi aliposikia sauti yangu akatikisa mkia kidogo.

Mambo yangeishia hapo ningebaki na siri yangu. Lakini yule dada alikuwa ameketi chini analia, wanatafuta gari la kumpeleka hospitali ya Sultan Hamud akadungwe sindano za kichaa cha mbwa, ameshika tumbo, anauliza kila mtu, "Mtoto wangu atakuwaje? Mwaitu, mama yangu, atakuwaje?"

"Si kichaa," nikasema. "Ni dawa ya kupe. Nilimpaka mimi."

Mueni akaweka thamosi mezani.

"Na ukawaacha wamuue?"

Akina mama waliokota Biblia zao mmoja mmoja wakaondoka, hata sala ya kufunga haikusemwa, na yule dada akapelekwa tu akaonwe na daktari, maana nani angeniamini tena mimi?

Mama Ndinda alirudi kesho yake. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, tena nilitamani kutukanwa. Alisimama juu ya ule udongo mbichi nilipomzika mbwa wake, akauliza, "Alilia sana?"

Nikamwambia hapana. Huo nao ulikuwa uwongo.

Siku hizi mnyama wangu akipata hata mkwaruzo naita daktari wa mifugo, na nikikosea nasema saa hiyo hiyo, kabla mtu hajaokota fimbo. Nimeapa. Lakini kiapo changu hakimsaidii Mama Ndinda, ambaye sasa hufunga mlango wake na komeo jua likiwa bado juu.