Seti Haivunjwi

Kabla ya kompyuta, Furushi aliuza mashuka sokoni, na jina hilo alilipata huko. Shuka halikutoka mezani kwake bila foronya zake. Mteja aking'ang'ania moja, alikosa yote. Aliingia na kanuni hiyo katika ofisi ya wapima ardhi, akianza na ufagio, hadi akakabidhiwa kufunga mafaili ya ramani.

Maana ramani ya kompyuta si faili moja. Ni ndugu watano wa jina moja: huyu kabeba michoro, yule majina ya mitaa, na kitindamimba, mdogo kama punje ya mtama, ndiye anayejua ramani inakaa wapi duniani. Furushi aliwapanga, akawakagua, akawafunga pamoja, ndipo watumwe.

Ijumaa moja meneja mpya aliiona kazi hiyo kuwa ya dakika mbili.

"Dada, Jumatatu uhamie stoo. Kufunga nitafunga mwenyewe."

Stoo ilikuwa na panya na maboksi, na aliyepelekwa huko hakuwahi kurudi.

"Sawa, bosi. Ila wale wadogo usiwaache."

"Vikorokoro vile? Nimeshavifuta, vinajaza nafasi."

Furushi aliondoka na nakala za seti zote, alizoziweka mapema kwenye flashi, mfukoni.

Jumanne asubuhi injinia wa maji, mteja wao mkubwa, alipiga simu. "Mabomba yangu mbona yako katikati ya bahari? Mafundi wameshika majembe, wananitazama mimi."

Meneja alishuka stoo mwenyewe, tai begani.

"Dada yangu, kile kifaili kidogo unacho?"

"Ninacho."

"Nipe basi."

"Kimoja sitoi. Natoa seti."

"Haya, seti."

"Seti inakwenda na meza yangu ya dirishani. Na ramani haitoki humu bila kupita mikononi mwangu. Uandike, upige muhuri."

"Unanikaba koo."

"Ijumaa ilikuwa bure, bosi. Hukuchukua."

Simu ikalia tena. Meneja akaandika amesimama; muhuri ulikuwa mkavu, akaugonga mara mbili. Furushi akasoma mstari kwa mstari, akapanda ngazi bila haraka, akafuta meza kwa kiganja. Ndugu watano, jina moja. Akawafunga, akawatuma.

"Sasa mabomba yamerudi barabarani kwangu," injinia akasema kwenye simu, akakata.

Meneja hakuondoka. "Hivi, yule mdogo anafanyaje kazi?"

"Kaa nikuoneshe," Furushi akasema. "Ila kiti ulete mwenyewe."